Pochi ya Magamba ya Buluu

Kioo kilifika kabla ya uamuzi. Jumanne asubuhi, brashi zikiwa bado zimesimama kwenye kopo lao, shemeji mtu aliingia karakana amekikumbatia kioo kirefu kama anayecheza dansi na mwanamke aliyemzidi kimo. Akakiegemeza kwenye rafu, mbele ya vitabu vilivyokuwa vikisubiri viraka, akarudi nyuma hatua mbili, akajitazama.

"Usikiguse, shemeji," alisema akihema. "Nimekileta tu kizoee ukuta."

"Kioo hakizoei ukuta," mjane wa kaka yake alimjibu, na sindano yake haikusimama. "Anayezoea ni mtu. Na wewe naona umeshazoea."

Shemeji akacheka. Alikuwa kinyozi, hodari kuliko wote mtaani, mwenye mkono mwepesi hata wateja wakasinzia chini ya wembe wake; lakini kichwa chake mwenyewe kilikuwa msitu. Mama yake mzazi hakuchoka kumkumbusha kuwa kinyozi hajinyoi. Chumba chake cha kunyolea kilipakana na karakana, ukuta mmoja tu katikati. Kilikuwa na viti viwili, na siku za mwisho wa juma wateja walisubiri nje, wamesimama juani kama watu waliofungiwa mlango. Alitaka ule ukuta uvunjwe apate nafasi ya viti vinne. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wateja wengi na chumba kidogo, na jirani yake alikuwa na chumba kikubwa na wateja wachache.

Nyumba yote ilikuwa ya mama huyo, mama mkwe wa mjane, bibi mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye kutwa nzima alikaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana kwa sababu pale palikuwa na upepo na pia habari. Yeye ndiye aliyekuwa ametoa hukumu Jumapili, baada ya chakula, mbele ya wote wawili.

"Chumba chenye kazi ni karakana," alisema. "Chumba kisicho na kazi ni stoo. Mwashi anakuja Jumamosi asubuhi. Ijumaa jua likitua, mkaza mwanangu akiwa ameshika kazi ya maana, ukuta unabaki. Akiwa hana, unavunjwa, na vitabu vyake atashonea jikoni."

"Kazi ninayo, mama," mjane alisema.

"Viraka si kazi. Nimesema kazi ya maana."

Hapo ndipo palipouma, maana viraka ndivyo vilivyomlisha. Kwa miaka kumi na sita yeye na marehemu mume wake walijalidi vitabu katika chumba kile. Mume alifanya majalada: ngozi, kitambaa, herufi za dhahabu mgongoni. Mke alishona kurasa na kuziponya zilizochanika, hasa za vitabu vya ibada, ambavyo watu huvifungua kila siku kwa machozi na mate ya vidole mpaka pembe zinaisha. Mume alisifiwa, kwa kuwa jalada huonekana. Kiraka kizuri hakionekani, na ukikiona basi si kizuri. Shemeji ndiye aliyemtungia jina la Bi Kiraka, akalitumia kwa mapenzi, na mtaa mzima ukalidaka. Mume alipofariki, wenye kazi za majalada walikuja kutoa pole, wakaondoka na kazi zao.

Mjane hakulalamika. Aliamka, akasali, akafungua karakana saa mbili kamili, hata siku ambazo hakuna aliyekuja. Alikuwa anaamini kwamba riziki hugonga mara moja, na ni aibu ikukute umelala.

Riziki iligonga Jumanne hiyohiyo, kioo kikiwa hakijamaliza hata saa moja pale rafuni. Aliingia mwanamke mrefu mwenye viatu vya kazi na bomba la ramani begani. Alikuwa msanifu wa majengo. Akaangalia huku na huku.

"Namtafuta bwana mmoja," alisema. "Alimfungia baba yangu kitabu chake cha sala, zamani kidogo. Mpaka leo hakijaachia hata uzi."

"Bwana huyo ametangulia," mjane alisema. "Uzi ni wangu. Karibu ukae."

Msanifu akakaa. Akaeleza kwamba mwezi ujao anafungua ofisi yake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuchorea wengine, na angetaka kila mgeni wake aondoke na pochi ndogo ya kadi za biashara: inayofunguka kama kitabu, mifuko miwili ndani, nje imevikwa karatasi. Akafungua bomba lake. Hakutoa ramani. Alitoa karatasi ambayo ilimfanya mjane aifute mikono yake kwenye aproni kabla hajaombwa kuishika.

Ilikuwa karatasi ya Kijapani. Buluu iliyoiva, na juu yake safu kwa safu za magamba meupe, kama ya samaki, kila gamba likikalia mabega ya mawili yaliyo chini yake, na uzi wa dhahabu ukizunguka kila ukingo. Ilikuwa laini kama kanga iliyofuliwa mara mia, lakini ukiikunja pembeni ilikataa kuvunjika.

"Nina vipande thelathini, vyote vikubwa sawa na hiki," msanifu alisema. "Na wageni thelathini. Kipande kimoja, pochi moja. Hakuna pengine pa kuvipata, nimeshauliza. Nakuachia kimoja ufanye mfano. Ijumaa saa sita mchana nitapita. Nikiupenda, kazi yote yako. Ila nakwambia mapema, mimi nachora mistari kuanzia asubuhi mpaka jioni. Safu ikipinda kwa unywele nitaiona. Nataka magamba yatoke mbele, yapite mgongoni, yafike nyuma bila kukatika. Unaweza?"

"Naweza," mjane alisema.

Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayeulizwa kama ana dada.

Msanifu alipotoka, bibi mlangoni alikuwa ameshasikia yote. "Haya," alisema. "Hiyo ndiyo kazi ya maana."

"Kazi bado," shemeji alidakia kutoka chumba cha pili, maana ukuta ule haukuzuia sauti. "Huo ni mfano! Shemeji, wewe ziba nyufa, ukuta niachie mimi!"

"Nyoa!" bibi alimfokea. "Utamkata mtu sikio!"

Jumatano alianza. Kwanza alisafisha meza mara mbili, akafunga dirisha ili vumbi la mtaani lisiingie. Akakata kadibodi vipande viwili, kila kimoja kikubwa kuliko kadi kwa upana wa kidole, akakata na ukanda mwembamba wa mgongo. Akapika gundi ya unga, akaikoroga mpaka ikawa nyororo kama uji wa mtoto mchanga, akaichuja kwenye kitambaa. Ndipo akaigeukia karatasi.

Kila alichofanya na karatasi ile alifanya kama alivyomwona mume wake akifanya. Mume alikata kipande cha jalada kutoka katikati, kamwe si pembeni. Alisema kingo za karatasi huchoka safarini. Mjane akapima kutoka katikati, akakata kwa kisu na rula ya chuma. Kando zikabaki kama fremu isiyo na picha, akaziweka pembeni. Halafu mume alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka hata bibi mlangoni aliijua: karatasi iache inywe. Unapaka gundi kwenye karatasi, si kwenye kadibodi. Unasubiri. Karatasi ikishakunywa ikalegea, ndipo unailaza, na ikikauka hujibana kama ngozi ya ngoma. Ukiwahi, inafanya malengelenge.

Mjane akapaka. Akasubiri kwa muda wa kusema sala moja fupi, akaisema. Akalaza juu yake kadibodi ya kwanza, mgongo, kadibodi ya pili. Akakunja kingo ndani kwa kipande cha mfupa uliosuguliwa, akalaza pembe. Ilikuwa safi. Hakukuwa na lengelenge hata moja.

"Naona umemaliza," shemeji alisema mlangoni, wembe mkononi. Alikuja kuangalia kioo chake.

"Bado haijakauka."

"Lakini ni nzuri, shemeji. Lazima niseme kweli. Hata kama inaniuma."

Mjane aliinua macho amshukuru, na macho yake yakapita kwenye kioo. Ndani ya kioo aliiona pochi iliyo mezani, imegeuzwa kushoto kulia, na kwa kuwa imegeuzwa aliiona kama kitu kigeni, kilichotengenezwa na mtu asiyemjua. Safu za magamba zilikuwa zimepinda. Zilianza sawa upande wa mbele, zikafika mgongoni zikanyanyuka, na nyuma zilikuwa zinapanda kama ngazi. Tofauti yake ilikuwa unene wa punje ya mchele. Akaangalia pochi yenyewe, jicho likamdanganya kuwa ni sawa. Akaangalia kioo. Akachukua rula.

"Nini?" shemeji akauliza.

"Imepinda."

"Wapi? Mimi sioni."

"Wewe huchori mistari kutwa nzima."

Akaing'oa palepale, kabla haijashika. Hapo ndipo alipopata kitu cha kumshangaza. Karatasi ya kawaida ikilowa hivyo ingetoka vipandevipande kama ngozi ya nyanya. Hii ilitoka nzima, kama nguo inayovuliwa, haikuchanika hata uzi. Lakini weupe wa magamba ulikuwa umeingia ubuluu, na dhahabu imechubuka kwenye mikunjo. Kwa msanifu ilikuwa imekufa.

Shemeji akatoka taratibu, na hakuangalia kioo. Jambo hilo lenyewe lilikuwa habari.

Bibi akasogeza kigoda chake ndani. "Imeharibika?"

"Imeharibika, mama."

"Na karatasi nyingine hakuna?"

"Zipo kando tu, nilizozikata. Vipande vinne virefu. Hakuna hata kimoja chenye upana wa kutosha."

Bibi akatafakari, mdomo umebanwa. Alipenda viti vinne vya mwanawe, lakini zaidi ya hapo alipenda mtu wa kwake asiaibishwe na mgeni. "Basi sikiliza. Akija, mwambie karatasi ililetwa ina kasoro. Nani atajua? Aliikunja yeye mwenyewe kwenye bomba."

"Mungu atajua."

"Mungu ana mambo mengi."

"Ndiyo maana sitaki kumwongezea hili, mama."

Bibi akaguna. Lakini hakurudisha kigoda mlangoni. Alikaa palepale aone.

Mjane hakukaa chini kujililia. Aliosha mikono, akakata ukanda mwembamba sana kwenye ncha ya moja ya zile kando, akapima urefu wake kwa rula, akaulowesha kwa maji kwa ncha ya kidole, akapima tena. Ulikuwa umerefuka. Akalowesha mwingine uliokatwa upande mwingine: karibu haukurefuka kabisa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake hali kitu fulani, na yeye ndicho alichompikia. Karatasi ile ilikuwa inanywa kuliko zote alizowahi kushika, na ikinywa inatanuka upande mmoja. Sheria ya marehemu ilikuwa sheria nzuri. Ila haikuandikwa kwa karatasi hii.

"Unamsema mwanangu?" bibi akauliza, maana midomo ya mjane ilikuwa ikitembea.

"Namwombea. Kisha namwambia kwamba leo nitafanya kinyume."

"Mwambie na mimi nimekuruhusu."

Ilibaki shida ya upana. Aliinua vile vipande vinne, akavipanga mezani hivi na vile. Vikiunganishwa vilitosha, na kidogo kikabaki. Lakini kiungo cha kisu, ukingo juu ya ukingo, kingeonekana kama kovu usoni. Akavishika vipande viwili kwenye mwanga wa dirisha, na mikono yake ikaanza kufanya kazi kabla hajaiambia, maana hii haikuwa tena kazi ya majalada. Hii ilikuwa kazi yake.

Kwa miaka kumi na sita, ukurasa ulipomjia umechanika, hakuuziba kwa karatasi iliyokatwa. Aliichana. Alichora mstari wa maji kwa brashi nyembamba kama unyasi, akasubiri maji yaingie, kisha akavuta taratibu pande mbili, na karatasi ikaachana penye maji, ikiacha ukingo wenye manyoya. Manyoya ya upande huu ukiyalaza juu ya manyoya ya upande ule, na gundi kidogo kama pumzi, hukumbatiana. Ukipitisha kidole hukihisi kiungo. Kwa karatasi ya kawaida manyoya yale ni mafupi na machoyo. Kwa hii ya Kijapani, yenye nyuzi ndefu, yalikuwa marefu kama ya pamba.

Na magamba yenyewe yalikuwa yamemchorea njia. Hakuhitaji kiungo kilichonyooka ambacho jicho lingekikamata. Aliipitisha brashi ya maji kwenye ukingo wa gamba, akazunguka, akapanda begani pa la pili, akazunguka, safu nzima, kama anayetembea juu ya mapaa ya nyumba. Kwanza alijaribu kwenye ile iliyoharibika. Mara ya kwanza maji yalikuwa mengi, buluu ikavuja. Mara ya pili machache mno, karatasi ikagoma. Mara ya tatu iliachana kama ugomvi wa watu wenye adabu.

Alhamisi alifungua saa mbili kamili, akaunganisha vile vinne kuwa kimoja. Viungo vitatu. Bibi alikuwa ameacha hata habari za mtaani; mwenzake alipita akamwita, akaambiwa, "Pita, leo tuna operesheni." Shemeji alipotaka kuingia alizuiwa kwa mguu.

"Mama, ni kioo changu nataka kukifuta!"

"Kioo chako kinafanya kazi. Wewe nenda kafanye yako."

Na kweli kilikuwa kinafanya kazi, kwa sababu mjane alikuwa amekigeuza kielekee meza, na kila kiungo alikikagua mara mbili, mara kwa jicho na mara kwa kioo. Alipomaliza, alipaka gundi kwenye kadibodi, si kwenye karatasi. Gundi nyembamba, iliyofutwa karibu yote. Akailaza karatasi ikiwa kavu, hakuipa nafasi ya kunywa, akaweka karatasi safi juu yake na kusugua kwa kiganja kutoka mgongoni kwenda nje. Akakunja. Akabandika mifuko miwili ya ndani ya karatasi nyeupe ya kawaida, akaiweka kati ya mbao mbili za kubania, akakaza. Kisha akaenda kufua nguo zake, kwa kuwa kutazama kitu kinachokauka ni kukichelewesha.

Ijumaa saa sita kasorobo msanifu alikuwa mlangoni. Watu wa kuchora mistari hawachelewi. Bibi alimpisha kwa heshima kubwa, akarudi kukaa, akatega sikio. Upande wa pili wa ukuta mkasi wa shemeji ulinyamaza.

Msanifu aliichukua pochi. Akaifungua, akaifunga. Akaiweka mezani aone kama italala sawa, ikalala. Akatoa rula yake ndogo mfukoni, akafuata safu moja ya magamba kutoka mbele, akapita mgongoni, akafika nyuma. Akafuata ya pili. Akaileta karibu na pua. Akaingiza kadi zake nne, zikaingia kwa kujibana kidogo, zikakaa.

"Sina la kusema," alisema. "Ni sawasawa. Nitakuletea vyote ishirini na tisa leo hii, vimo kwenye gari."

Mjane alijua kwamba hapo ndipo angeweza kusema ahsante, na mwashi akarudishwa, na dunia ikaendelea. Nyuma yake bibi alikohoa kikohozi kilichokuwa na maneno ndani yake.

"Kabla hujavileta," mjane alisema, "kuna kitu hukukiona. Kipande chako ulichoniachia nilikiharibu. Hii imetengenezwa kwa kando zake. Ina viungo vitatu."

Msanifu akamtazama, kisha akaitazama pochi kana kwamba imeongea. "Viungo? Wapi?"

"Kimoja hapa. Cha pili hapa. Cha tatu kinapita nyuma, safu ya nne kutoka chini."

Msanifu akaisogeza dirishani, akaigeuza mpaka mwanga ukaipiga kwa ubavu. Akapitisha kucha. Kule kwa kinyozi mtu mmoja alisikika akiuliza, "Mbona umeniacha?" na kuambiwa, "Shh!"

"Hiki nimekiona," msanifu alisema hatimaye. "Hivi viwili ninakuamini tu. Na kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshakubali."

"Kwa sababu ungekuja kukikuta siku moja, ofisini kwako, mbele ya watu. Na ungekuwa umekuta vitu viwili: kiungo, na uongo. Kiungo changu kitadumu. Uongo sijui."

Msanifu aliirudisha mezani. Uso wake haukusomeka. "Na iliyoharibika iko wapi?"

Mjane akaitoa kwenye droo, ubuluu umeingia kwenye weupe, dhahabu imechubuka. Hakuificha chini ya kitu. "Nililowesha karatasi kama tunavyolowesha zetu. Yako haitaki. Sasa najua. Ishirini na tisa zilizobaki hazitapata shida hiyo."

"Ishirini na tisa na hii ni thelathini," msanifu alisema, kama anayejisemea. "Kwa hiyo sijapungukiwa."

"Hujapungukiwa. Na nikwambie jingine. Nilikata kutoka katikati, nikakosea. Nikikata kutoka pembeni, kinachobaki kinapungua vidole viwili tu kuwa pochi nzima. Vidole viwili hivyo naviunganisha kutoka kwenye kando nyingine. Kila kipande kinaweza kukupa mbili, ukitaka."

Hapo msanifu akakaa kwenye kiti, bila kukaribishwa, bomba la ramani likagonga sakafu. Akafunika mdomo, na macho yake yakacheka juu ya kiganja.

"Unajua nimefanya nini, mama?" alisema. "Niliandika wageni arobaini. Karatasi ilipotosha thelathini, nikakata watu kumi. Nimemkata shangazi yangu. Nimewakata mafundi walionijengea ngazi. Nimekaa na ile orodha siku nne nikijiona mchawi."

"Watu hawakatwi," bibi alisema kutoka mlangoni, hakuweza tena kuvumilia. "Kinachokatwa ni karatasi."

"Arobaini, basi," msanifu alisema. "Ila zenye viungo nizijue ni zipi."

"Nitaziwekea alama ndani ya mfuko, kwa penseli. Shangazi utampa ipi?"

Msanifu akafikiri. "Hii. Ya kwanza. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuona kwamba imeunganishwa, na wa kwanza kuuliza nani aliyefanya."

Wakaenda garini, wakarudi na karatasi, zimelala kati ya mbao kama mgonjwa anayehamishwa. Msanifu alipoondoka, bibi aliinuka kwenye kigoda chake, jambo alilolifanya kwa nadra, akaenda mpaka mlango wa kinyozi.

"Mpigie simu mwashi," alisema. "Mwambie Jumamosi alale."

"Nimesikia, mama. Mtaa wote umesikia." Shemeji alitokeza, taulo begani, akaja mpaka kwenye meza ya mjane, akasimama. Hakukitazama kioo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa na bado ana hamu ya kujua. "Bi Kiraka. Ile nyuma, safu ya nne. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Akaangalia sana. Mwishowe akapiga mluzi mdogo. "Mimi nikikata nywele za mtu, nikikosea, zinaota tena. Wewe hukusubiri iote."

"Jumamosi wateja wako wanaanza saa ngapi?"

"Saa tatu. Kwa nini?"

"Vipande vikiunganishwa vinakuwa virefu na vimelowa, na mikono miwili inavivuta. Nahitaji minne. Nimefikiria mtaa mzima, hakuna mwenye mkono mwepesi kama wako."

Shemeji aliangalia mikono yake, kana kwamba ni mara ya kwanza kuambiwa inafaa kitu kisicho na nywele. "Mimi? Kwenye karatasi ya Kijapani?"

"Kaoshe kwanza. Una mafuta ya watu."

Akaenda, akarudi, akaonyesha viganja mbele na nyuma kama mtoto wa shule. Mjane akavikagua na kuridhika. Hawakungoja Jumamosi. Akachora mstari wa maji kwenye mabega ya magamba, akangoja, akaachanisha, akaweka gundi iliyo kama pumzi, na kumpa shemeji ncha mbili.

"Usivute," alisema. "Shika tu. Nikisema shusha, unashusha wote kwa pamoja, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia."

"Hivi?"

"Hivyo."

Kutoka upande wa pili wa ukuta mteja akaita, kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa, "Kinyozi! Mimi hapa nusu kichwa!"

"Kichwa chako hakikimbii!" shemeji alijibu kwa mnong'ono mkali, bila kupepesa, bila kupumua, macho yake yakiwa juu ya magamba ya buluu yakishuka safu kwa safu mahali pake.